Anayepimwa Asijue

Kisanduku kilifika kibarazani kikiwa kimekufa, na laiti Fundi angekiacha kikafa vizuri, mambo yasingefika yalikofika. Lakini Fundi hakuumbwa hivyo. Akiona chombo kimezima mikono humwasha, na hapo hata ukimwita kula hasikii.

Aliyekileta alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti ya kutangazia, aliyejipatia riziki kwa kupita mlango kwa mlango akiwapima watu magonjwa. Alikilaza mezani katikati ya redio zilizofumuliwa.

"Fundi, nisaidie ndugu yangu. Jana kilikuwa kinasema vizuri tu, leo kimya."

"Kinasema nini?"

"Afya ya mtu. Unaweka kiganja hapa," akagonga kibati cha shaba kilichofungwa juu ya kifuniko, "halafu mshale unakwenda wenyewe. Hakuna sindano, hakuna damu, hakuna foleni ya hospitali."

Nyuma ya kioo palichorwa upinde wa rangi tatu. Kwenye nyekundu paliandikwa Hatari, kwenye njano Wastani, kwenye kijani Salama. Fundi alifungua skrubu akauona mara moja waya uliong'oka. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kilichomfanya asirudishe kifuniko ni kitu kingine. Kando ya betri na transista mbili za kawaida kabisa, palikuwa na donge jeusi, gumu, la ukubwa wa yai la kuku. Waya ulikuwa umeingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

"Na hili?"

"Hilo usiliguse!" Mwanamke alimdaka mkono. "Hilo ndilo lenye siri. Walioniuzia walisema likipasuliwa tu, nguvu zote zinatoka."

Kumwambia Fundi maneno hayo ni kumwambia paka asitazame samaki. Akasema chombo kibaki kidogo, akichunguze vizuri kisije kikamwaibisha mwenyewe mbele za watu. Mwanamke akaona hakuna neno, maana alikuwa na safari ya kwenda kumwuguza dada yake. Atakipitia akirudi.

"Si umeshakitengeneza? Mbona hukumpa aende nacho?" Mkewe aliuliza kutoka dirishani, alikokuwa akishona sare za shule.

"Nataka kujua lile donge kazi yake nini."

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Inaniwasha," Fundi akajibu, na alisema kweli tupu.

* * *

Kila Jumamosi alasiri Fundi alikuwa na wageni wawili. Mwalimu alifundisha fizikia sekondari, na hakuamini jambo lolote mpaka mita ilithibitishe. Waya alikuwa fundi wa umeme wa majumbani, mwembamba kama jina alilopewa, naye aliamini kila jambo mpaka lithibitishwe kuwa uongo, kisha akaendelea kuliamini kidogo. Raha yao ilikuwa moja: kuazima au kuokota vidude vya ajabu vinavyouzwa kwa mbwembwe, kuvipasua, na kuona vina nini tumboni.

Rafu ya Fundi ilijaa mizoga ya vidude hivyo. Palikuwa na cha kuchomeka ukutani ili kipunguze bili ya umeme, ambacho ndani kilikuwa na taa ndogo na mchanga wa kukitia uzito. Palikuwa na kadi ya kubandika nyuma ya simu izuie mionzi, ambayo ilikuwa kadi, basi. Palikuwa pia na kitambua mizimu alichokiunda Waya mwenyewe, ambacho kililia kila mtu alipoukaribia waya wake mrefu. Kilimlilia hata Mwalimu, naye alikuwa hajafa.

"Wapasuaji wamefika," mke wa Fundi alipenda kusema akiwaona. "Ficheni redio zenu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama wa mkewe. Tangu duka alilofanyia kazi Fundi lilipofungwa, walikuwa wamehamia hapo, na meza ya kazi ilisimama kwenye kibaraza cha mama mkwe. Kukaa ukweni si dhambi, lakini mwanamume hukaa amekunja miguu. Fundi hakuwahi kumwomba yule mama kitu, hata chumvi. Akitaka chumvi alimwambia mkewe, mkewe akamwambia mama yake, na chumvi ikaja kwa njia hiyo hiyo ikirudi. Yule mama naye alimheshimu. Alimwita mwanangu, akakaa na kigoda chake upande wa pili wa kibaraza akichambua mchele, na mkwewe akiwa anachomelea nyaya hakumsemesha mpaka moshi uishe.

Jumamosi ile walijipima wenyewe kwanza. Mwalimu akaweka kiganja, mshale ukakaa kwenye kijani. Waya akapata njano. Fundi naye njano. Wakamwita mke wa Fundi, akawaambia sare za watoto wa watu hazitajishona zenyewe.

Mama mkwe alitoka jikoni akasimama mlangoni. "Na mimi nipimeni basi. Au mkono wa kizee hauna umeme?"

Wakacheka, wakampisha. Aliweka kiganja chake juu ya kibati, na mshale ukaruka mpaka mwisho wa nyekundu, ukagonga ukingo, ukatulia hapo hapo.

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyekuwa haijui presha ya yule mama. Alihudhuria kliniki, na kila siku alimeza kidonge.

"Kinajua!" Waya alipaza sauti.

"Hakijui lolote," alisema Mwalimu. "Hiki kinapima ngozi tu. Umeme unapita kwenye jasho la kiganja, jasho likiwa jingi mshale unapanda. Mambo ya kawaida."

"Mbona kimejua?"

"Kimebahatisha."

"Haya, toa donge tuone."

Fundi alilifungua donge kutoka kwenye nyaya zake, na kisanduku kikafa. Alipolirudisha kikafufuka. Alitoa, akarudisha, akatoa tena. Mwalimu alijikuna kichwa. Kama chombo kinapima jasho tu, donge lina kazi gani? Na kama donge ni pambo tu, mbona bila lenyewe kisanduku kinakata roho? Walibishana mpaka chai ikapoa, wasielewe.

Mwishowe Mwalimu akapanga jaribio. Mtu mmoja apimwe kila asubuhi kwa siku nyingi, mkono ule ule, saa ile ile. Kama ni jasho, mshale utapanda na kushuka ovyo. Mama ndiye aliyefaa, maana yeye hashindi kazini. Mwalimu ndiye aliyekwenda kumwomba, kwa kuwa Fundi hakuzoea.

"Ila kanuni ni moja," Mwalimu alimnong'oneza Fundi akiaga. "Anayepimwa asijue. Usimweleze tunapima nini, usimwambie tunafikiri nini, hata uso wako usiseme kitu. Akijua tu, jaribio limeharibika."

Ni kanuni nzuri, na Mwalimu aliifundisha darasani kila mwaka. Ubaya wake ni kwamba haikutungwa kwa watu wanaokaa nyumba moja.

* * *

Basi kila asubuhi baada ya chai, mama mkwe alikuja na kigoda chake akakaa mbele ya meza. Fundi aliwasha kisanduku, yeye akaweka kiganja, wote wawili wakatazama mshale. Yule mama alipenda sana saa ile, ingawa hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Bintiye alimpenda, lakini alimpenda akiwa ameinamia cherehani. Na mkwe huyu, aliyezoea kumwamkia akipita ubavuni kama mtu anayekwepa deni, sasa alikaa naye ana kwa ana, tena kwa makini.

Siku ya pili mshale haukugonga ukingo. Siku zilizofuata ulishuka zaidi, ukaiacha nyekundu, ukaingia njano.

"Umeshuka leo," mama alisema.

"Mm," Fundi akaitikia.

"Ndiyo vizuri hivyo?"

Fundi alikumbuka kanuni akaukaza uso. "Tunaendelea, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. Alishawaona madaktari wengi maishani, na walio wazuri ndivyo walivyo, hawasemi ovyo.

Jumamosi Fundi aliwaeleza wenzake. Mwalimu alizidi kuchanganyikiwa. Jasho, alisema, halina adabu hiyo. Leo lingepanda, kesho lingeshuka. Huu mshale ulikuwa unateremka tu kama mtu anayeshuka ngazi.

"Labda hali ya hewa," alisema bila kuamini.

"Labda mama anapona," alisema Waya. "Kwa nini asipone? Anameza dawa, presha inashuka, kisanduku kinaona. Kwani kuna ajabu gani?"

"Kisanduku hakiwezi kuona presha."

"Basi kinaona nini? Wewe ndiye msomi, tuambie."

Mwalimu alitazama donge jeusi, nalo likamtazama. "Sijui," alikiri. "Kwa kweli sijui. Ila tusimwambie."

Yule mama alikuwa ndani, nyuma ya dirisha lililo wazi, anakunja nguo. Alisikia kila neno. Alisikia labda mama anapona, akasikia na tusimwambie, na yote mawili akayaelewa kwa namna yake. Habari njema haitangazwi kabla haijakomaa. Hata mimba haitangazwi. Akatabasamu peke yake na kuendelea kukunja.

Sasa, vile vidonge vilikuwa vimemchosha. Vilimvimbisha miguu, viatu vikakataa kuingia, na alikuwa akienda dukani na ndara kama mtu asiye na kwao. Asubuhi moja aliacha kumeza, ajaribu tu. Mshale haukupanda. Kesho yake hakumeza tena, mshale ukazidi kushuka. Hapo angefikiri nini? Wewe ungefikiri nini? Kuna chombo, kuna mkwe fundi, kuna mwalimu wa sekondari anayekuja kila wiki kuulizia, na hakuna hata mmoja anayesema hapana.

"Mama, dawa?" bintiye aliuliza akipita mbio na nguo begani.

"Haya, mama, haya," alijibu, kwa ile sauti anayojibiwa mtu ili aende zake.

Siku mshale ulipoingia kijani, yule mama aliinama karibu na kioo akasoma taratibu, herufi kwa herufi. "Sa-la-ma." Akapiga makofi kama msichana. Fundi, ambaye kichwani alikuwa akiwaza tu jinsi mstari wa vipimo ulivyonyooka, alijisahau akatabasamu. Na tabasamu lile likamaliza kazi iliyobaki.

* * *

Ilikuwa asubuhi, kabla hata ya chai. Mke wa Fundi alisikia sufuria inaanguka jikoni, akaita, hakuitikiwa. Alipoingia alimkuta mama yake ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, ule mwingine unaning'inia. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Alikuwa anajaribu kusema jambo, na maneno yalimtoka yamepondeka.

"Mama! Mama, niangalie! Wewe, njoo huku! Njoo!"

Walimpakia kwenye gari la jirani, Fundi akiwa amembeba mikononi. Alishangaa alivyo mwepesi. Njia nzima mkewe alimshika mama yake kichwa, akimsemesha maneno ambayo wazazi huwasemesha watoto.

Hospitali, daktari kijana wa kike alimfunga mama mkanda wa kupimia presha, akatazama, akaufunga upya kana kwamba haamini.

"Dawa zake anameza?"

"Kila siku," alisema mke wa Fundi.

"Presha hii si ya mtu anayemeza dawa." Daktari akamgeukia Fundi. "Wewe ni nani yake?"

"Mkwe."

"Mgonjwa anakaa kwako?"

"Mimi ndiye ninayekaa kwake."

Muuguzi aliyekuwa anaandika aliinua macho, akamtazama kuanzia kandambili hadi kichwani, akaendelea kuandika.

Kufikia kesho yake mama alikuwa ameanza kupata maneno, mazito lakini yanayosikika. Kiharusi kilikuwa kidogo, daktari alisema, washukuru. Ila kilikuwa kimekuja kupiga hodi. Asipomeza dawa, kitakachofuata hakitapiga hodi. Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu kila muuguzi alipomletea kidonge, mama alifumba mdomo. Bintiye alimbembeleza, akamgombeza, akalia. Mama alitikisa kichwa tu. Alipolazimishwa sana alisema neno moja.

"Salama," alisema. "Mimi salama."

Bintiye hakuelewa. Alidhani ni ugonjwa unaosema.

* * *

Alielewa alipokwenda nyumbani kuchukua nguo za kubadilisha. Kwenye droo, chini ya mitandio, pakiti za dawa zilikuwa zimelala nzima, hazijatobolewa. Akatoka nazo kibarazani. Fundi alikuwa amekaa mbele ya meza yake, hafanyi kitu.

"Hajameza," alisema, na kuzitupa pakiti juu ya redio.

Fundi alizitazama. "Tangu lini?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Wewe ndiye uliyekuwa unampima!" Sauti yake ilipasuka. "Kila asubuhi mama yangu amekaa hapa, ameweka mkono wake hapo, anakutazama usoni. Na wewe unamjibu nini? Mm. Mm. Mtu mzima ajue nini?"

"Sikumwambia aache dawa."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Kanuni ni kwamba anayepimwa asi..." Aliisikia sentensi yake mwenyewe akashindwa kuimaliza.

"Malizia."

"Asijue."

Mkewe alimtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa nguo za mumewe. "Na wewe ulikuwa unaamini kile kidude?"

"Hapana! Tangu siku ya kwanza siamini."

"Huamini. Kila siku unampima, halafu huamini." Alijifuta macho kwa kiganja. "Mimi ni mshonaji tu, haya mambo yenu yananizidi. Nielezee kama mtoto. Huamini, unampima wa nini?"

Fundi alikuwa na maelezo, tena mazuri. Jumamosi, mbele ya wenzake, yangeeleweka. Mbele ya zile pakiti hayakusimama.

"Utakwenda kumwambia," mkewe alisema. "Kwa mdomo wako. Usinipitishie mimi kama chumvi. Yangu hayasikii, anakuona wewe ndiye mjuzi. Utasimama mbele ya kitanda chake umwambie."

"Nitamwambia."

"Na akikataa tena kumeza, ujue nani amemuua."

* * *

Mwalimu na Waya walikuja mara tu walipopata habari. Hawakukaa. Fundi alichukua nyundo bila kuuliza mtu, akaliweka donge kwenye sakafu ya kibaraza, akalipiga. Lilipasuka kirahisi kuliko walivyofikiri.

Ndani palikuwa na kokoto, ile ya kawaida ambayo mtu angeiokota barabarani. Waya wa shaba uliingia upande mmoja, ukaizunguka ile kokoto, ukatoka upande wa pili. Basi. Ulikuwa waya tu. Ukiutoa, mkondo unakatika, kama vile ukikata waya wowote mwingine, ndiyo maana kisanduku kilikuwa kinakufa. Fundi aliunganisha kipande cha waya mahali pake na mshale ukaamka. Akalamba kidole akakiweka juu ya kibati, mshale ukaruka hadi Hatari. Akakikausha kwenye suruali, ukarudi Salama.

"Jasho," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Nilisema siku ile ile."

"Ulisema, halafu ukaacha kusema," Waya akamjibu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na wazo lake la kuongeza. Aliokota kile kipande cha kokoto, akakigeuza, akakiweka chini taratibu kama kitu cha mwenyewe.

"Lakini sielewi," Mwalimu aliendelea, na ilionekana hawezi kujizuia. "Kama ni jasho, mbona ulikuwa unashuka tu? Kila siku, bila kuruka. Haiwezekani jasho la mtu..."

"Mwalimu," Fundi alimkatiza. "Nyamaza, ndugu yangu."

Mwalimu uso ukamwiva kwa aibu, Waya akatazama pembeni, na wote watatu wakasimama pale wasijue mikono yao waiweke wapi.

* * *

Wodi ilikuwa na vitanda pande zote, na wageni wa wagonjwa wengine waliinua shingo Fundi alipoingia. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mdomo ulikuwa bado umeinama kidogo, lakini macho yalikuwa yake. Alipomwona mkwewe alijaribu kujitengeneza mtandio kwa mkono mmoja, kwa heshima. Bintiye alimsaidia, kisha akarudi kusimama miguuni pa kitanda, mikono ameikunja, akingoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeacha kazi."

"Nimeiacha." Njiani alikuwa amepanga hotuba nzima, na yote ilikuwa imeyeyuka. "Mama, kile kisanduku ni cha uongo. Hakijui ugonjwa. Tumekipasua, ndani mna kokoto."

Mtu wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Kokoto," mama alirudia.

"Kokoto, mama."

"Lakini mshale ulishuka. Tuliuona, mimi na wewe."

"Ulishuka, ndiyo. Hata sisi hatujui kwa nini. Lakini haukuwa presha."

"Sasa," alisema, akiyatafuta maneno moja moja, "kila asubuhi ulikuwa unanipima nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Jasho la kiganja, mama."

Yule mama aliugeuza mkono wake ulio mzima akakitazama kiganja, kana kwamba ameletewa kitu cha mtu mwingine. Kisha kitu kikampita usoni, na kilichopita kilikuwa aibu.

"Siku ile ya kwanza nilitoka kuosha vyombo," alisema. "Mkono una maji. Nikakuona baadaye unakifuta kile kibati. Nikasema, mama we, nimemchafulia mkwe chombo cha watu. Ndiyo nikawa naufuta mkono kwanza, kabla sijaja. Kila siku nikazidi kuufuta. Nilikuwa sitaki kukuharibia kazi."

Fundi alishika chuma cha kitanda. Hakukumbuka kabisa kukifuta kile kibati. Alikumbuka mshale, alikumbuka njano na kijani, siku baada ya siku, lakini ule mkono wenyewe hakuwa ameutazama hata mara moja. Miguuni pa kitanda mkewe alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

Muuguzi akafika na trei yake. "Haya, bibi, leo tutameza au tutagombana?"

Mama alikitazama kidonge ndani ya kikombe kidogo, akamtazama mkwewe. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anataka kujua.

"Na hiki, mmeshakipasua?"

"Hapana, mama."

"Hujakipasua."

"Sijakipasua."

"Basi unajuaje?"

Fundi alianza kusema kwamba watu wamekichunguza, wataalamu, miaka mingi, akaona ni maneno yale yale ya yule mwanamke wa kisanduku, yametofautiana nguo tu. Wodi nzima ilikuwa inamngoja. Akachuchumaa kando ya kitanda mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa yule mama.

"Mwenyewe sijui, mama," alisema. "Naambiwa tu, na naamini. Lakini nakuomba. Nakuomba, mama, umeze."

Hakuna aliyejua mama mkwe anafikiri nini, na pengine hata mwenyewe hakujua. Kisha akaufuta mkono wake kwenye shuka, taratibu, mbele na nyuma, akakikunjua kiganja apewe kidonge.